Elizabeti na Stendi ya Keki Iliyoinamia Kulia

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye shambani aweke jembe chini kidogo. Aliye msituni juu ya mti akikagua mizinga, ashuke kwanza, nisije nikalaumiwa. Na ninyi mnaosubiri treni hapo stesheni ya Itigi, ninyi nawajua, muda mnao. Mimi ni Mazengo, mzee wenu wa reli. Nilistaafu kupunga bendera, mdomo ukakataa kustaafu.

Leo tunamkumbuka Elizabeti Leonidas. Elizabeti Leonidas wa Itigi, mjane wa marehemu Edward niliyefanya naye kazi relini miaka kumi na tisa. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia: Elizabeti, yule mama wa stendi ya keki, ametutoka Jumanne, na tumemzika Alhamisi.

Mlioolea Itigi mnamjua. Keki ya harusi huku kwetu hainunuliwi dirishani hapo mtaani. Inaagizwa dukani Singida mjini, inakuja ndani ya maboksi, kila ghorofa na boksi lake. Kazi ya kuifikisha salama na kuipanga ikapendeza ilikuwa ya Elizabeti. Alikuwa na sheria zake. Boksi la keki halikai kwenye sakafu ya gari. Linakaa mapajani. Na siyo mapaja yoyote, wasikilizaji. Alikuwa anachagua wamama wanene. "Paja pana halitikisiki," alikuwa anasema, na waliochaguliwa walikuwa wanajisikia wamepewa cheo.

Akifika ukumbini anasimamisha stendi. Stendi ile ya chuma aliichomelea Stefano, fundi wa pale karibu na stesheni. Ilikuwa na sahani tatu. Ya katikati iko juu, hiyo ni ya maharusi na wageni wao. Ya kushoto, wazazi wa bwana harusi. Ya kulia, wazazi wa bibi harusi. Kabla ya kupandisha keki anaweka bilauri ya maji kwenye kila sahani, anainama, anayachungulia yale maji kama yamelala sawa. Yakiegemea upande, anasokota kikaratasi anakiweka chini ya mguu. Ndipo keki inapanda.

Kuna mwaka nyuki wa Itigi walitoka msituni wakaja harusini. Walikuja kwa mistari, kama askari. Wakatua kwenye keki ya juu yote, ikawa nyeusi. Padri akajificha nyuma ya kinanda. Elizabeti akawasogelea, mikono kiunoni, akawaambia: "Ninyi hamna kadi." Wakanyanyuka wote, wakatoka kwa mlango, siyo kwa dirisha.

Haya, hapo nimetia chumvi. Nyuki walikuwa watatu. Lakini maneno aliyasema.

Sasa wasikilizaji wapendwa, ninayokwenda kusema kuanzia hapa hayana chumvi. Naomba mnielewe hivyo. Miaka sita nimeyaficha, na familia imeniruhusu kuyasema.

Elizabeti hakuzaa. Alimlea binti wa mdogo wake. Mdogo wake anaitwa Ritha. Ritha alipata shida za ndoa, akaenda Tabora kujitafutia maisha, akamwacha mtoto kwa dada yake akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo ni Jenifa. Jenifa alimwita Elizabeti mama. Ndiye aliyembeba kwenda zahanati, ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyekwenda shuleni kumgombeza mwalimu aliyemwita mjinga. Edward alipofariki wakabaki wawili, mama na binti, nyumba moja.

Jenifa akapata mchumba, kijana mmoja mpole wa Misigiri, kule Iramba, anaitwa Godfrey. Harusi ikapangwa Itigi. Mshereheshaji nikawa mimi.

Mnajua utaratibu. Maharusi wakishalishana keki, wanaita wazazi. Mzazi anatoka mbele, anasimama kwenye zulia. Akishasimama, ndipo maharusi wanainua ile keki yake kutoka kwenye stendi, wanampelekea, wanapiga magoti, wanampa. Mpaka mzazi asimame zuliani, keki haiguswi. Mzazi akipokea keki ile, ukumbi mzima umeshuhudia kwamba huyu ndiye aliyelea.

Elizabeti alikuwa amepanga keki za watu miaka na miaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kupokea hata moja. Wiki ile alinunua gauni la zambarau. Aliniambia, "Shemeji, siku hiyo usiniletee utani wako. Nataka niitwe vizuri, nitembee polepole."

Nikamwambia, "Utatembea mpaka keki ichachuke."

Sasa sikilizeni hapa. Siku mbili kabla ya harusi, stendi ilianguka kutoka kwenye guta la kubebea mizigo, mguu wa kulia ukapasuka. Stefano akauchomelea haraka haraka, ukakaa upande. Elizabeti akaujaribu na bilauri zake. Keki zote tatu zikiwa juu, inasimama. Zile za pembeni zikiondoka zote mbili, inasimama. Lakini ya kushoto ikiondoka peke yake, stendi inainamia kulia na kila kitu kinashuka. Akaja kwangu asubuhi ya harusi. Nayakumbuka maneno yake.

"Shemeji, waite wazazi wa pande zote mbili kwa pamoja. Keki ziondoke kwa pamoja. Umesikia? Kwa pamoja."

Nikasema nimesikia.

Nilisikia, wasikilizaji. Lakini nilikuwa nimeandaa utani wangu juu ya Wanyiramba, watu wa kwao Godfrey, na uji wao wa ulezi. Utani mtamu. Ulitaka wazazi wa Godfrey wasimame peke yao. Ilipofika saa kumi jioni, kipaza sauti mkononi, nikasahau stendi, nikaukumbuka utani. Nikawaita wazazi wa bwana harusi peke yao. Watu wakacheka. Keki ya kushoto ikainuliwa.

Elizabeti alikuwa amesimama karibu na stendi, gauni lake la zambarau, anasubiri zamu yake. Akaiona inaanza kuinama. Nyuma ya stendi kulikuwa na pazia refu la satini la mapambo. Akapita nyuma ya lile pazia, akachuchumaa, akaushika ule mguu kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ulikuwa unawatazama wazazi wa Misigiri wakicheza na keki yao. Hakuna aliyemwona.

Nikaita: "Sasa namwita mama wa bibi harusi, mama yetu Elizabeti Leonidas, aje mbele!"

Kimya.

Akiuachia mguu, keki ya juu inaanguka mbele ya wakwe. Asipouachia, hawezi kufika zuliani. Na asipofika zuliani, ile keki ya kulia haiinuliwi, na mguu bado umemwelemea. Apige kelele? Muziki ulikuwa juu, na hakutaka. Aliniambia baadaye, "Ningepiga kelele, wangerudi Misigiri wakisema watu wa Itigi wamemwoza binti yao kwenye stendi mbovu."

Nikaita mara ya pili. Hatokei. Jenifa anageuza shingo huku na huku, shela linamsumbua.

Na mimi, kusubiri kuliponishinda, nikasema: "Mama labda bado anatafuta viatu!" Ukumbi ukacheka. Jenifa hakucheka.

Nikaita mara ya tatu. Ndipo nikaona vidole. Chini ya satini, vidole vinne vimeng'ang'ania chuma, pete ya Edward inaonekana. Nilikuwa umbali wa kutoka hapa nilipo mpaka kwenye mlango huu wa studio. Nikaelewa yote mara moja.

Lakini kwenye meza ya ndugu tayari watu walikuwa wanamsukuma Ritha, aliyefika na treni ya Tabora siku iliyotangulia. "Nenda, unaitwa. Si mama mzazi yupo? Nenda!" Ritha akatoka mbele, analia, amefunika uso na ncha ya kitenge. Vigelegele vikapasua bati. Ningesema neno moja tu, subirini, mambo yangekuwa mengine. Kipaza sauti ni mimi niliyekuwa nacho. Sikusema.

Jenifa na Godfrey wakainua keki ya kulia. Stendi ikakaa sawa yenyewe, kama haijawahi kuinama. Mikono ya Elizabeti ikafunguka. Keki ilikuwa imeshafika mikononi mwa Ritha.

Elizabeti alitokea nyuma baada ya dakika kama tano, gauni limejaa vumbi magotini. Akatabasamu, akapiga picha na wote.

Wasikilizaji wapendwa, Jenifa aliamini kwamba mama aliyemlea aliitwa mara tatu akakataa kutoka. Aliamini mama amemkasirikia kwa sababu Ritha amealikwa. Akaondoka Misigiri na hilo moyoni. Simu zikawa za dakika mbili: shikamoo mama, marahaba, mnaendeleaje, tunaendelea. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, wa kike, wakampa jina la bibi. Wakamwita Ritha. Elizabeti akanunua kitenge cha kumbebea, akampa dereva wa basi akipeleke.

Nilimfuata mara tatu. Nikamwambia, "Shemeji, ngoja nimwambie mtoto ukweli."

Akanijibu, "Ulikuwa na kipaza sauti siku ile. Sasa cha nini?" Halafu akalainika. "Mdogo wangu alinipigia kutoka Tabora. Analia. Ananiambia, dada, umenisamehe, umenipisha mbele za watu. Miaka ishirini na tatu ananiogopa yule. Sasa mimi nimwambie hapana, ilikuwa mguu wa stendi?"

Nikaitunza siri. Na yeye hakupandisha tena keki yoyote kwenye stendi ile. Waliokuja kumwomba aliwaambia mgongo unauma. Mlioolea Itigi miaka hii sita mkashangaa kwa nini keki zenu zinapangwa juu ya meza, sababu ndiyo hiyo.

Ijumaa, siku moja baada ya mazishi, wageni walipopungua, Jenifa alikaa pembeni yangu uani. Akanisalimia shikamoo. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Baba Mazengo, mama alikuwa na nini na mimi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, utani wangu wa ulezi, viatu, vidole, pete. Ritha alikuwa anachambua mchele hapo hapo, akasikia. Ungo ukasimama mikononi mwake. Alisema tu, "Kumbe hakunipisha."

Nikamjibu, "Hakukupisha siku ile. Lakini miaka sita yote amekuachia."

Jenifa hakulia. Aliingia ndani. Akatoka na ile stendi, ilikuwa nyuma ya mlango imefunikwa shuka. Akaisimamisha uani. Akaiwekea masufuria matatu ya maji, moja kila sahani. Ikasimama. Akazunguka nyuma, akachuchumaa, akaushika mguu wa kulia.

"Toa la kushoto," akaniambia.

Nikatoa. Stendi ikainama, maji yakamwagika begani kwake. Akaizuia. Nikaona mishipa ya mikono imesimama.

"Ni nzito," akasema. Kisha, "Sasa niite. Niite kama ulivyomwita mama."

Nilikataa. Akasema, "Baba, niite."

Nikaita, hivi hivi na sauti yangu hii mnayoisikia. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ananitazama katikati ya vile vyuma, hawezi kuja. Kabla sijaita mara ya tatu, Ritha akaweka ungo chini. Akainuka. Hakuja mbele. Alizunguka nyuma ya stendi, akachuchumaa karibu na binti yake, akaupenyeza mkono wake chini, akaushika mguu.

"Nenda," akamwambia. "Unaitwa."

Jenifa akatoka. Akaja mpaka mbele, mahali zulia lingekuwepo, akasimama na mikono imelowa. Mimi nilikuwa bado nimebeba lile sufuria la maji. Tukabaki tunatazamana, kwa sababu aliyekuwa anasubiriwa pale siku zote hakuwa yeye.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Jenifa na Godfrey, kwa binti yao mdogo Ritha, kwa Ritha mkubwa aliyebaki bila dada, na kwa ukoo wote wa mzee Leonidas. Mungu awape nguvu, na ampumzishe Elizabeti. Na mimi nimeomba radhi nyumbani, sasa naomba mbele yenu, kwa kuwa kosa langu nililifanya kwa kipaza sauti.

Jumamosi hii najua kuna harusi mbili Itigi, na moja Manyoni. Ukimwita mtu mara moja asitokee, usimcheke. Nyamazisha muziki. Nenda ukainue pazia, uone ameshika nini.