Maisha ya Bibi Delfina Anjelo, Mpika Chumvi ya Mboga

Padre, Mwalimu Saburi, wazee wetu, mama zetu, na majirani wote wa aldeamento hii, kijiji chetu cha ndani ya seng'enge: familia inawashukuru kwa kufika. Wapo ndugu waliozuiwa getini kwa kukosa ruhusa. Hao nao tunawahesabu kuwa wamezika pamoja nasi. Haya ni maisha ya Bibi yetu jinsi alivyotusimulia mwenyewe, na yale ya karibuni jinsi tulivyoyaona.

Marehemu Delfina Anjelo alizaliwa Namoto, pale Ruvuma inapoingia baharini, mwaka 1916. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema ni msimu ule Wareno walipovuka mto kwenda kupigana na Wajerumani, na kwamba mtoto alitoka kimya kabisa, mizinga ikalia kwa niaba yake. Alikuwa wa tatu kuzaliwa kwa wazazi wake na wa kwanza kuishi.

Mwaka 1926 alipelekwa ng'ambo, Tanganyika, kwenye shule ya misheni. Huko alisoma miaka mitatu, akabatizwa, akajua kusoma na kuandika Kiswahili, na sala zote alizifahamu kwa Kiswahili. Baadaye huku kwetu aliambiwa asali kwa Kireno. Alijaribu Jumapili moja, kisha akarudi kwenye Kiswahili. Alisema ng'ambo alisali kwa Kiswahili miaka yote na Mungu hakumwambia hata mara moja, "Rudia, sikusikia vizuri."

Tarehe 8 Septemba 1934 alifunga ndoa kanisani, Mocímboa da Praia, na marehemu babu yetu Casimiro, seremala. Babu alipenda kusimulia chakula cha kwanza alichopikiwa. Alijua ameoa binti wa watu wanaopika chumvi, akakaa mkao wa kula. Samaki alipokuja hakuwa na chumvi hata kidogo, maana bibi harusi alisahau. Babu alimla wote, akanyonya na miiba, akasema asante. Ilipita wiki nzima ndipo akauliza kwa upole kama chumvi imeadimika huko kwao. Walijaliwa watoto watano, wawili wakatangulia mbele ya haki wakiwa wachanga.

Kazi yake ilikuwa chumvi. Alikwangua udongo wa chumvi kwenye jangwa, ule uwanda mtupu wa chumvi ulio nyuma ya mikoko, akauchuja kwa maji kwenye kapu, akachemsha yale maji mpaka yakakauka ikabaki nyeupe. Aliiuza sokoni kwa kikombe. Kazi yake ya pili ilikuwa kufundisha dini. Na hapa lazima tueleze jambo moja, kwa sababu ndipo mengine yote yalipoanzia. Zamani padre alipobatiza watoto aliwawekea punje ya chumvi kwenye ulimi, baada ya kuibariki, na chumvi hiyo ilitoka kwa Bibi. Basi watu walijua hivyo tu, kwamba chumvi ya kanisani ni ya Delfina. Hakuna aliyeona ubaya.

Vita vilianza mwaka 1964. Misheni ilifungwa, mapadre wakaondolewa, na mwaka 1966 sisi sote tuliletwa hapa ndani ya seng'enge. Hapakuwa na wa kuongoza sala. Bibi alisimama Jumapili ya kwanza chini ya paa la jikoni kwake, akasalisha, na hakuacha tena. Asubuhi wanawake waliruhusiwa kutoka na askari kwenda jangwani, kwa hiyo chumvi nayo iliendelea.

Mwaka 1968, mvua za mwisho, mtoto wa Zaida aitwaye Tuaibo aliugua tumbo na homa. Alikuwa ameanza tu kutambaa. Alikauka mpaka machozi hayakutoka. Mwalimu Saburi, mwalimu wetu wa Kurani, alimwandikia kombe, aya kwa zafarani zilizooshwa kwa maji, akanyweshwa, akalitapika. Kwenda hospitali ya mjini kulihitaji karatasi ya chefe, Mreno mkuu wa kituo, naye hakuwepo. Zaida alikuja kwa Bibi akiwa amembeba mtoto kama mtu aliyebeba nguo. Bibi alikoroga uji mwepesi, akatia chumvi kidogo, akamlisha kwa kijiko, tone kwa tone, rozari ikiwa mkono wa pili. Mkono wa kijiko ukichoka alibadilisha, rozari ikahamia upande wa pili. Hakulala. Siku ya tatu mtoto alilia, na machozi yakatoka.

Zaida alipiga kigelegele mpaka sipai, yule askari wa getini, akaja kutazama kuna nini. Bibi mwenyewe alipiga magoti akasema Mungu amemponya mtoto. Hilo alilisema siku ile na hakulibadilisha mpaka anakufa. Asitokee mtu akasema Bibi hakuamini miujiza. Aliamini kuliko sisi. Alisema ameuona mmoja kwa macho yake, umevaa shati la kaka yake, na sasa unachunga mbuzi.

Lakini watu walishika chumvi. Walisema ni ile ile ya ubatizo, ndiyo iliyomrudisha Tuaibo. Na sisi wa pwani tumezoea kutoka kwa mganga na kitu mkononi, kombe au hirizi. Wakaja Waislamu, wakaja Wakristo, wakanunua chumvi, ila hawakuitia chunguni. Waliifunga kwenye pindo la kanga. Waliifukia kizingitini ili risasi zisiingie. Mwalimu Saburi, ambaye ni mtani wa Bibi tangu zamani, alimlalamikia kwamba zafarani yake inakauka bure siku hizi, wagonjwa wote wamehamia upande wa pili. Bibi akamjibu ashike kapu naye akakwangue udongo, jangwa ni kubwa, halina dini. Walicheka. Bibi alidhani ni upepo utapita, kwa hiyo aliendelea kuuza.

Mwaka uliofuata kijana wetu Dauto, ambaye yuko hapa nasi, alitaka kwenda kuangalia mikorosho ya mama yake kule kijiji cha zamani. Njia ile kila mtu alijua imetegwa mabomu. Nani aliyetega, leo hatusemi. Dauto alichukua fundo la chumvi, akalitia mfukoni, akapita. Tulisikia mlio tukiwa visimani. Aliletwa akiwa hai, mguu mmoja haupo.

Jioni ile watu walikuwa tayari wamegawanyika. Wengine walisema chumvi imemwokoa, bila hiyo angekufa. Wengine walisema chumvi imeshindwa, basi na Mungu wa Delfina pia ameshindwa. Bibi hakubishana na yeyote. Alisubiri mpaka Dauto aliporudishwa kutoka hospitali ya mjini, akaenda akakaa mkekani kwake.

Dauto akasema, "Bibi, nilikuwa nayo mfukoni."

"Najua. Mimi ndiye niliyeipika."

"Sasa kosa langu ni nini? Sikuamini vya kutosha?"

Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, uliamini sana, ila uliamini kitu kidogo. Chumvi unaitia unapotaka wewe. Mungu hatiwi mfukoni. Yeye huja anapotaka mwenyewe, na alikuja kwenye njia ile ile ukiwa umelala damuni, maana mimi simjui Mungu anayemkimbia mtu aliyekatika mguu."

Dauto alilia, na Bibi akalia naye. Dauto mwenyewe ametuomba haya yasomwe.

Jumapili iliyofuata Bibi alifundisha habari ya yule mwanamke wa kwenye Injili, aliyetokwa damu miaka mingi, akapenya katikati ya watu akagusa upindo wa vazi la Yesu, akapona. Alituuliza, yule mama aliondoka na nini? Tukasema, na uzima. Akauliza tena, na kipande cha nguo je? Akasema mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye upindo, angetaka angechana. Hakuchana. Vazi aliliacha mwilini mwa mwenyewe, yeye akaenda na imani yake, na kama angerudi kuugua angejua wa kumtafuta. Sisi tumechana nguo, alisema, na mwenye nguo tumemwacha barabarani.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi mnalikumbuka. Alipita nyumba hadi nyumba saa za kupika, akiomba aonje mboga. Akionja, anakunja uso. "Haijakolea hii, mwanangu. Lete ile chumvi yangu." Mtu anababaika, anasema hana. Bibi anaelekeza kidole kwenye pindo la kanga, fundo linafunguliwa, chumvi inaishia chunguni mbele ya macho yake, naye haondoki mpaka aone watu wanakula. Waliofukia kizingitini aliwafanya waifukue. Nyumba moja walikuwa na chumvi ya mafundo mengi hivi kwamba mchuzi haukulika, wakautoa kwa kuku, na kuku nao wakaukataa.

Aliyemgomea alikuwa Zaida. Alishika fundo lake kwa mikono miwili. "Bibi, hii usinichukulie. Ni ya mwanangu."

"Mwanao aliponywa na Mungu, Zaida. Ile hesabu ni yako na Yeye. Chumvi hii ikiliwa leo, kesho utaamka na Mungu utamkuta pale pale."

"Na mtoto akiugua tena?"

"Niite. Nitakuja na kijiko."

Zaida akalifungua fundo mwenyewe.

Mwaka 1971 babu Casimiro alishikwa na kifua. Karatasi safari hii ilipatikana, hospitali akalazwa, dawa akapewa. Bibi alimlisha uji ule ule, kwa kijiko kile kile, na rozari ile ile. Babu alifariki tarehe 19 Mei. Maneno yakaanza tena chini chini, kwamba mtoto wa watu kamponya, mume wake kamshinda. Mwalimu Saburi ndiye aliyeyakata, pale pale msibani. Alisema, "Mimi nimeandika kombe wagonjwa wakapona, mmenisifu. Mke wangu nilimwandikia mpaka zafarani ikaisha, nikamzika. Hakuna aliyeniambia Mwenyezi Mungu amepungua. Basi na huyu mama mwacheni alie." Jumapili ile Bibi alisalisha kama kawaida. Alisema Tuaibo alipopona alishukuru kwa sauti kubwa, na leo anashukuru kwa sauti ndogo, kwa sababu hana nyingine, lakini anayesikia ni yule yule.

Tangu mwaka jana miguu ya Bibi ilivimba na pumzi ikawa fupi. Alipelekwa mjini mara kadhaa, akarudishwa nyumbani mwezi wa Juni. Watu walikuja kumtazama, na mama mmoja aliuliza mbona yeye aliyemwombea Tuaibo hajiombei. Bibi alimjibu kwamba anajiombea kila siku, na wala hajaona aibu kuomba kupona. Akasema, "Sijajibiwa ninavyotaka. Lakini nazungumza na mtu, siyo na ukuta." Kisha akaomba maji ya kunywa. Maji yalipokuja, yule mama alimwuliza kama ayatie chochote. Bibi akasema ayatie kikombeni.

Padre alikuja kutoka mjini akampa sakramenti. Alifariki jana, tarehe 7 Julai 1973, alfajiri, binti yake Rosa akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto watatu: Rosa, Filipe anayefanya kazi bandarini, na mwanawe wa kwanza ambaye yuko mbali na habari itamfikia. Ameacha wajukuu tisa, mtani wake Mwalimu Saburi, na kwa maneno yake mwenyewe, Dauto na Tuaibo, ambao alisema ni wake pia, mmoja aliyepona na mmoja aliyebaki na mguu mmoja, na hakuwahi kuwatenganisha.

Kuna agizo la mwisho. Tumeona tangu asubuhi watu wanazunguka jikoni wakiulizia chumvi aliyoacha, na wengine wamekuja na vitambaa. Bibi alilijua hilo. Juzi alimwita Rosa, akamwonyesha chungu chake cha mwisho cha chumvi, akamwambia kisibaki hata kijiko. Imetiwa yote. Ipo kwenye wali na kwenye samaki wa leo, na chungu kimeoshwa. Udongo wa kaburi pia amesema uachwe juu yake, anauhitaji. Anayetaka kuchukua kitu cha Bibi, akajue jirani yake gani anaumwa, aende akakae naye.

Bibi Delfina, pumzika, Bwana wako akupokee. Tukishamaliza kufukia, ndugu zetu, karibuni mle. Chakula kimekolea.