Kitambaa cha Gurudumu la Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Mliopo shambani, pumzisheni jembe kidogo. Hapa ni Sumbawanga, upepo wa leo unakata masikio, na mimi Bertilla nina habari ya mtu mmoja. Fundi Kalisti. Fundi wa malori, mkazi wa Mollo. Fundi Kalisti ametutoka.

Vijana hamkumbuki miaka ya ruksa. Biashara ilifunguliwa, na kila mwenye magunia mawili ya mahindi akaota lori. Malori yalikuja, lakini yalikuja yamechoka. Yameshatumika ng'ambo, yamepakwa rangi mpya, injini zinachemsha kabla ya kufika Laela. Springi zimekatika, nozeli za mafuta zimeharibika, moshi mweusi unafuka. Yote yaliishia uwanjani kwa Kalisti, na mwenzake Leonsi.

Spea zilikuwa Mbeya. Kwa hiyo mafundi wetu walikuwa na njia yao. Breki za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo. Mpira wa breki ukipasuka kwenye gurudumu moja, upepo wote unavuja. Fundi aliziba bomba la gurudumu lile, gari likatembea kwa breki zilizobaki. Kisha alifunga kitambaa pale gurudumuni. Kila dereva wa Ufipa alijua maana yake. Gurudumu hili halina breki. Usipakie, usishuke mlima.

Sasa nisikilizeni vizuri. Victor, shemeji yake Kalisti, alinunua lori. Mkewe Victor ni Rozina, dada yake Kalisti wa tumbo moja. Mpira wa gurudumu la nyuma kushoto ukapasuka. Kalisti akaziba bomba. Akafunga kitambaa chekundu chenye maua meupe, kipande cha khanga kuukuu ya mkewe, Cornelia. Akamwambia dereva, Felisian, "Lizunguke hapa hapa mjini mpaka nirudi." Akapanda basi kwenda Mbeya kutafuta mpira.

Jumapili lori likapelekwa kanisani kubarikiwa, likiwa limeoshwa linang'aa. Jumatatu Felisian akaamka na homa kali, agizo la Kalisti halikumfikia Victor. Victor alikuwa na saruji ya kupeleka Kaoze, bondeni Rukwa. Akashika usukani mwenyewe. Hakuona kitambaa.

Mnaujua ule mteremko. Breki zilizobaki zilibeba mzigo wote, zikapata moto, zikalegea. Victor hakufika Kaoze.

Kalisti alirudi na mpira mpya mfukoni, akakuta turubai la msiba limeshafungwa. Lori lilitazamwa kule korongoni. Kitambaa hakikuwepo. Mji ukatoa hukumu, kwamba Kalisti alisahau alama. Leonsi aliapa kwamba alama iliwekwa, akaambiwa anamtetea mwenzake. Wanasema lisemwalo lipo. Uongo mtupu, wasikilizaji wangu. Mara nyingine lisemwalo halipo kabisa, na mtu anazeeka nalo.

Kalisti alijibu neno moja tu, miaka yote. "Fundi ni mimi."

Rozina hakumsalimia tena kaka yake. Wakikutana sokoni, alivuka barabara. Watoto wa Victor walikua bila kumwamkia mjomba wao.

Na Kalisti hakuziba tena bomba la mtu yeyote. Lori likija kwake, alijaza upepo, akazima injini, akaamuru watu wote wanyamaze. Kisha alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kila gurudumu. Madereva walicheka, baadaye wakaacha kucheka. Cornelia ameniambia, "Hata kanisani, upepo ukipita dirishani, alikuwa anageuka kutazama chini, kama anatafuta gurudumu. Nilimshika mkono mpaka misa iishe."

Kuna madereva wanasema kwenye ile kona alikoangukia Victor hunuka breki za moto, hata siku ambayo gari halijapita. Mimi nimepita. Sitasema nilinusa nini. Nilifunga dirisha.

Juzi, siku ya kuanua matanga, Cornelia alifungua sanduku la vifaa ili Leonsi achukue spana. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani, mpira wa breki, mpya, haujawahi kufungwa. Na kitambaa chekundu chenye maua meupe, kimefuliwa na kukunjwa.

Leonsi akasema, "Hiki hapa. Hiki ndicho alichofunga kwenye gari la Victor."

Rozina alikuwa amekuja kwa ajili ya macho ya watu tu, amekaa mlangoni. Akaomba akishike. Haya ni maneno yake, na ameniomba mwenyewe niyaseme hewani.

"Nilikitoa mimi. Sikujua maana yake. Gari linakwenda kwa padri, nikaona aibu, kitambaa kichafu gurudumuni. Nikakifua, nikakianika. Kaka alipokuja msibani alikikuta kwenye kamba. Akakiondoa, akakitia mfukoni. Nilimwona. Nilidhani anataka cha kufutia machozi. Watu waliposema alisahau alama, sikujua kwamba alama yenyewe ni kitambaa."

Alijua, wasikilizaji wapendwa. Kalisti alijua tangu siku ile. Angesema sentensi moja tu, mji ungemwacha. Lakini dada yake angejua nani alimnyima Victor alama ile. Hakuisema.

Tunakupa pole, mama Cornelia. Pole, Leonsi. Na wewe, dada Rozina, pole mara mbili. Hakuna anayekunyooshea kidole hapa. Sisi tuliosikiliza, tumtazame upya yule tuliyekwisha kumhukumu mtaani kwetu. Huenda amekaa kimya kwa ajili ya mtu.

Jana Rozina alikwenda makaburini Mollo. Alikaa pale mpaka jua likawa kali. Kitambaa amekifunga kwenye msalaba wa kaka yake. Ukipita ukakiona, hata kikiwa kimechafuka, tafadhali usikitoe.