Karani wa Mizani na Dadu ya Jumapili: Wasifu wa Ansbert Elick Rubagora (1974–2025)

Ndugu waombolezaji, kabla ya yote ifahamike kwamba marehemu mwenyewe alikataza neno moja lisisomwe juu ya jeneza lake. Neno hilo ni "mwaminifu". Wasifu wa kila mtu katika ukoo huu huandikwa na dada mkubwa wa Ansbert, Mwalimu Deodata, ndiye huyu anayesoma, na kila aliyezikwa kwa kalamu yake alizikwa akiwa mwaminifu, hata baba mdogo yule mnayemkumbuka wote. Safari hii mwandishi amebanwa. Ansbert alishika mizani ya watu miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumlalamikia. Kwa nini basi alilikataa neno ambalo wengine hupewa bure, ndiyo habari ya wasifu huu, na mkisikiliza kwa utulivu mtaielewa.

Ansbert alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Kanazi, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Elick Rubagora na marehemu Mama Clotilda. Alipokuwa na miaka sita alipewa muwa agawane na Deodata. Aliupima kwa shubiri, akauvunja katikati, akavisimamisha vipande viwili sambamba, akaona chake kimezidi kidogo. Badala ya kumwongezea dada yake, alikaa chini akaitafuna ile ziada mpaka vikalingana. Akamkabidhi cha kwake kwa heshima zote. Deodata hajalisahau jambo hilo, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: vipande vililingana.

Alisoma shule ya msingi hapa Kanazi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Hesabu zilimpenda. Kiswahili alikiweza pia, isipokuwa herufi mbili, l na r, ambazo kwa Ansbert zilikuwa herufi moja, na mwalimu wake alichapa, akabembeleza, mwisho akamwachia Mungu. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, kama ilivyokuwa kwa wengi wa rika lake. Alirudi nyumbani kulima maharage na kupalilia kahawa ya baba yake.

Mwaka 1994, wakimbizi walipoingia Ngara kwa maelfu, alipata kibarua cha kupima mahindi kambini. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa akisema kwamba pale ndipo alipofundishwa kazi, kwa sababu mtu mwenye njaa haangalii uso wa mpimaji, anaangalia mshale. Tangu hapo hakuiacha mizani. Alipima pamba Biharamulo, akarudi kupima kahawa ya chama cha msingi cha ushirika hapa Kanazi kuanzia mwaka 2004 hadi ugonjwa ulipomtoa kazini mwaka jana. Mkulima akimwomba amsogezee mshale kidogo, jibu lake lilikuwa moja: mshale ukisimama, umesimama. Wapo hapa waliomnunia msimu mzima kwa jibu hilo, na leo wamekuja na maua.

Habari ya ndoa yake ilitokana na zile herufi mbili. Msimu wa pamba wa mwaka 1999 alikuwa Biharamulo akizunguka na baiskeli, akitafuta penye kivuli pa kutundika mizani. Akaingia katika mji wa Mzee Anastazi, ambaye watu wake walitoka Burundi zamani wakalima na kuzeeka huko. Ansbert akavua kofia, akatoa shikamoo, akasema, "Mzee, nimekuja kuulizia mahari."

Alikusudia mahali. Mzee Anastazi aliitikia marahaba, akamtazama kijana aliyekuja peke yake bila mshenga, amevaa kandambili, akaona huyu ama ni mwendawazimu ama ana moyo. Akamwita binti yake Kaneza alete kiti na kinywaji. Mpaka jambo lilipofafanuliwa, Ansbert alikuwa amekwisha kumwona Kaneza, na Kaneza amekwisha kucheka. Mizani ilitundikwa hapo hapo msimu mzima. Mwaka uliofuata alirudi na mshenga, akauliza neno lilelile, na safari hii hakuwa amekosea. Walifunga ndoa takatifu tarehe 29 Julai 2000, wakajaliwa watoto wawili, Fabrice na Joyness.

Sasa tuje kwenye mchezo, maana wengi wenu mmekuwa mkinong'ona. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, Fabrice alirudi kutoka Dodoma na mchezo aliojifunza kwa wenzake. Si kamari, na si kanisa jipya kama jirani yetu Consolatha alivyouliza aliposikia sauti za Jumapili. Ni hadithi inayochezwa. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni ndani ya hadithi, na msimulizi anapowaambia kilicho mbele yao, wao husema wanafanya nini. Penye mashaka, dadu inarushwa, na namba inayoanguka ndiyo inayoamua. Fabrice alidhani yeye ndiye atakayesimulia. Baada ya Jumapili mbili Ansbert alikwisha kuchukua sahani ya bati ya kurushia dadu, na dadu yenyewe, na hakuzirudisha.

Vyuo vilipofunguliwa waliendelea kwa simu, kila Jumapili saa kumi alasiri, mmoja hapa, mwingine kule. Fabrice alikuwa Dodoma. Samweli, mdogo wake Kaneza, mwalimu, alikuwa Biharamulo. Clever, dereva wa bodaboda, alikuwa Ngara mjini, na dada yake Jovitha, mshonaji wa nguo, alikuwa Keza, ambako simu hudaka mtandao wa ng'ambo ya mpaka na saa yake kurudi nyuma saa nzima, kwa hiyo Jumapili tatu za kwanza Jovitha aliingia wenzake wakiagana. Hadithi yao ilikuwa ya kijiji ambacho chemchemi yake imekauka, na watu wanne wanaotangulia kutafutia wengine maji. Wakimaliza kucheza walibaki hewani wakibishana saa nzima: kama ng'ombe mwenye mimba anaweza kuogelea, kama mtu anaweza kulala huku anachunga. Samweli alikuwa na daftari la sheria za mchezo. Msimulizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaamua.

Alikuwa mgumu kama alivyokuwa kwenye kahawa. Dadu iliangukia kwenye sahani ili wote waisikie, naye alitamka namba mara tu ilipotulia. Mtu wa kwanza wa Clever aliuawa na nyati. Clever aliomba, akalalamika, akanuna wiki mbili, akaambiwa mshale ukisimama umesimama. Ikabidi abuni mtu mwingine.

Mtu wa Jovitha katika hadithi alikuwa mama aliyebeba mtoto mgongoni, binti wa miaka mitatu aitwaye Kanyange. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwaka 2021 Jovitha alikuwa amemzika binti yake wa pekee huko Keza, kwa malaria ya siku nne tu. Wenzake walijua, na walimzunguka zunguka kwa huruma mpaka akawaambia wamwache acheze kama wao. Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022 walifika kwenye mto uliofurika. Msimulizi alitaka kumpa kivuko cha juu, chenye mawe ya kukanyagia, kisichohitaji dadu. Jovitha akakataa. Alisema, "Mzee, usinihurumie. Mwanangu avuke wanapovukia watu."

Msimulizi akatangaza sharti mbele ya wote, kama ilivyo desturi: ikianguka moja, mto unamchukua mtoto. Akarusha. Dadu ikalia kwenye sahani, ikanyamaza, na Ansbert naye akanyamaza, mpaka Clever akadhani bando limekwisha. Kisha akasema, "Nne." Mama akavuka na mtoto wake, mchezo ukaendelea.

Siku hiyo hiyo, kama walivyosimulia wenyewe juzi hapa msibani, wale wanne walifungua kundi jingine la simu asilokuwemo mzee. Samweli alisema namba ile, iliyokawia kutamkwa, si ya kweli, na kwamba mchezo ukidanganywa mara moja hakuna namba itakayoaminika tena. Clever akakumbusha kwamba yeye aliuawa na nyati. Fabrice akampigia mama yake, maana Kaneza alikuwa chumba kile kile akichambua maharage, akamuuliza dadu ilionyesha ngapi. Kaneza akamjibu, "Muulize baba yako." Hapo wakajua. Wakamwachia Jovitha aamue, kwa kuwa mtoto ni wake. Baada ya siku mbili Jovitha akawaandikia: "Mzee wa mizani amekosea mara moja tu. Mwacheni akosee." Clever alikuwa wa kwanza kukubali. Hawakulizungumza tena, wala hawakumwambia.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024. Chakula kilianza kumkwama. Alitibiwa hapa wilayani, akapelekwa Mwanza, ikaonekana ni saratani ya koo, na ilikuwa imekwenda mbali. Aliendelea kusimulia mpaka Machi mwaka huu kwa sauti ndogo hata Fabrice, aliyekuwa amerudi nyumbani kumuuguza, akalazimika kuwarudia wenzake maneno yake. Aprili akamwita Deodata. Alijua nani angeandika. Akamwambia, "Dada, usiandike kwamba nirikuwa mwaminifu. Watu watakuwa wamekaa pare, na mmoja wao nirimdanganya."

Hapo, ndugu zangu, roho ilimruka Deodata. Alijiandaa kusikia habari ya nyumba ndogo, tena akaanza kuhesabu kimoyomoyo watoto wangekuwa wangapi. Alipoambiwa ni dadu, alishusha pumzi akacheka. Ansbert hakucheka. Alisema alikwisha kwenda kuungama, na padre, ambaye atusamehe kwa kulisema mbele yake, alielewa kwamba ni kamari, akampa malipizi ya mcheza kamari, kwa hiyo dhambi yenyewe ilibaki palepale. Deodata akamwambia ni mchezo tu. Akamjibu polepole, na hili ndilo neno alilolisema akimtazama usoni, "Kwenye mizani nirikuwa nikipima kahawa. Siku ire nirimpima mtoto."

Hofu yake ilikuwa hii. Akimwambia Jovitha, atakuwa amemuua binti yule mara ya pili, kwa mdomo wake. Asipomwambia, anakwenda mbele za Mungu na namba ya uongo mkononi. Hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu. Kaneza, aliyeona moja ile kwa macho yake, alimsihi apumzike, wala hakuweza. Deodata alirudi nyumbani hana raha. Alikuwa amecheka, na aliona haya. Akapiga moyo konde, akampigia Jovitha, akamwambia tu kwamba mzee anataka kumwona.

Jovitha alifika Jumapili tarehe 1 Juni, amebebwa na Clever kutoka Keza. Sauti ya Ansbert ilikuwa imebaki kidogo sana. Alijaribu kuanza, akashindwa, akatoa mkono chini ya blanketi akainua kidole kimoja. Deodata aliyekuwa mlangoni alitaka kueleza, lakini haikuhitajika.

"Moja," Jovitha alisema. "Tunajua, Mzee. Tangu siku ile."

Ansbert alimtazama, akamtazama Clever, akamtazama Kaneza ambaye alikuwa akiangalia sakafu. Akanong'ona, "Mrinidanganya wote?"

Wakakiri. Alicheka mpaka wakamshika mabega asipaliwe. Alipotulia alirudi kwenye kazi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha mshale nusu. Alitaka jambo lisahihishwe. Alimuuliza Jovitha kama wamrudishe mtoto mtoni, dadu irushwe upya, ihesabike haki. Jovitha alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Ameshavuka, Mzee," alisema. "Mimi niliomba usinihurumie, na ungenisikiliza ningekufa. Huyo ameshavuka."

Baadaye jioni Deodata alimuuliza kama sasa anaweza kuliandika lile neno. Ansbert alitikisa kichwa. Alisema kwamba wao kujua hakumpunguzii yeye kosa. Uongo ni wake, naye anaupenda hivyo hivyo ulivyo. Usiku huo alilala mpaka kulipokucha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Aprili. Neno hilo kwa hiyo halimo katika sifa zake, na anayeona anastahili akaulizane na Jovitha, yuko safu ya pili, amevaa kitenge cha bluu.

Ansbert alifariki dunia nyumbani kwake hapa Kanazi, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja na robo alfajiri, mkewe akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Familia inawashukuru wauguzi wa hapa na wa Mwanza, padre na jumuiya, majirani waliochota maji na kupika, na wakulima waliochimba kaburi hili. Dada yake anaomba aseme tu kwamba amempenda mdogo wake huyu maisha yake yote, na kwamba nyumba imekuwa kubwa mno.

Marehemu ameacha mjane, Kaneza, ambaye amekubali kushika sahani na dadu matanga yakishaondolewa, watoto wawili, Fabrice na Joyness, dada yake Deodata na wadogo zake wawili, baba mkwe wake, Mzee Anastazi, shemeji yake Samweli, Clever, aliyeuawa na nyati, Jovitha, na binti mmoja, Kanyange, ambaye kwa hesabu ya mchezo ametimiza miaka saba, anachunga ndama, na hana kaburi mahali popote.

Apumzike Ansbert, asiwe na wasiwasi na mtoto huyo.