Zikatwe Siku Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama aliyepima nyasi. Msicheke. Miaka thelathini na mmoja alipima nyasi, na wenzake walimwita Bi Mizani.

Jumamosi tulimzika. Mkuu wake wa zamani alisimama kaburini na hotuba ya kurasa nne. Eti marehemu alikuwa "nguzo ya kituo". Nguzo! Nguzo aliyoitupa stoo kwa mkono wake mwenyewe.

Kituo chao kilipewa kazi ya kulinganisha nyasi za kigeni na za asili: zipi zina lishe bora kwa ng'ombe? Mkuu akaleta sampuli maabara. Bi Mizani akakausha, akasaga, akapima. Za kigeni zilikuwa na protini mara mbili. Mkuu akapiga makofi.

Bi Mizani akarudi kwenye mifuko, akachungulia. Za kigeni zilikuwa changa, za wiki sita, zimetiwa mbolea. Za asili zilishamwaga mbegu, kavu kama ufagio.

Binti yake anakumbuka: "Mama alirudi anacheka kwa hasira. Akasema, 'Mwanangu, wameshindanisha mbio kijana na bibi kizee, halafu wanashangaa kijana kashinda.'"

Akachukua mundu. Akakata zote siku moja, za umri mmoja, bila mbolea. Nasema tena, wasikilizaji: siku moja, umri mmoja. Za kigeni zilitoa mavuno mengi zaidi, na hilo aliliandika bila kinyongo. Lakini kwa protini zilikaribiana. Akarudia kiangazi. Za asili zikaongoza.

"Saini ripoti yangu, mama," mkuu akamwambia. "Wewe ni wa mizani, si wa maoni."

"Mizani ndiyo inayokataa, bosi."

Hakusaini. Akahamishiwa stoo, akae na majembe. Malisho ya asili yakalimwa yote, zikapandwa za kigeni, isipokuwa kipande nyuma ya stoo. Hicho Bi Mizani alikizungushia waya, akakifunga kwa kufuli. Mtu wa stoo hakosi waya.

Kiangazi cha tatu, nyasi za mkuu zikawa njiti. Ng'ombe wakanusa, wakapita. Ng'ombe, wasikilizaji, ambaye hajawahi kuvaa tai.

Sasa sikieni. Hotuba ilipoisha, udongo ungali mbichi, bwana yule alimvuta binti kando.

"Pole sana, mwanangu. Hivi, ufunguo wa kile kipande cha mama anao nani? Tunahitaji mbegu."

"Ninao mimi, mzee. Ila kuna karatasi ya kusaini kwanza."

Akatoa mkobani ripoti ya mama yake, ile ya siku moja na umri mmoja. Saini ya mama ipo. Nafasi ya mkuu, tupu miaka yote.

Mkuu akatazama huku na huku. Akasaini. Kurasa zake nne alizikunja, akaziweka chini ya ripoti ili kalamu isitoboe. Hotuba ile hatimaye ikapata kazi.

Kwa binti, wajukuu na ndugu wote, poleni sana. Nasi tuliobaki, tukisikia tena kwamba cha mgeni kimekishinda chetu, tuulize kwanza: vilikatwa siku moja?