Kiuno Kilipoanza Kuuma Ibadani

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Naitwa Salome, wa hapa Ruhembe.

Miaka tisa ya ndoa sikuitwa mama fulani. Bombani wenzangu waliitana Mama Asha, Mama Joni. Mimi Salome tu. Ndugu zangu, jina lako mwenyewe linaweza kukuuma!

Mwaka wa tano nilishika mimba. Ikiwa ya miezi saba kasoro, nikipalilia miwa, kiuno kikaanza kuuma. Kinauma, kinaacha. Tumbo linakaza, linalegea. Nikadhani ni jembe tu. Jioni nikaona ute wenye damu, nikaona haya kusema. Kesho yake nikajifungulia chumbani, mtoto wa kike. Alilia mara moja tu, akaniacha. Ee Mungu wangu! Khanga niliyomfunika sikuifua miezi mingi, nikitafuta harufu yake.

Mimba ilipokuja tena, nilimsimulia nesi wa kliniki. Akaniuliza, "Dada, maumivu yalikuwa ya mfululizo, au yalikuja na kuondoka?"

"Yalikuja na kuondoka."

Akanishika mkono. "Ule ulikuwa uchungu, dada yangu. Ukiuona tena kabla ya wakati wake, usingoje. Njoo hapo hapo."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Kumbe mwili ulikuwa umeniambia!

Mimba ikiwa na miezi saba na nusu, Jumapili, humu humu kanisani, kwaya ikiimba, kiuno kikauma. Nikasingizia benchi. Kikaacha. Wimbo haujaisha, kimerudi, na huku chini kukawa kuzito. Nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, uchungu umeanza."

"Miezi bado, mwanangu. Tulia, ibada iishe."

Ndugu zangu, sikuwahi kumpinga mama yule hata siku moja! Nikasema, "Nisamehe mama, siwezi kungoja."

Akanitazama. Akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga, akatangulia akiomba watu watupishe mpaka mlangoni.

Kituo cha afya walinichoma sindano ya kusaidia mapafu ya mtoto, wakanipakia gari la wagonjwa mpaka hospitali ya Kilosa. Siku ya tatu akazaliwa Rehema, mdogo mno. Wiki nne nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, mimi na bibi yake tukipokezana. Akaishi! Haleluya!

Lakini sitawaficha. Nikimwogesha Rehema, mikono yangu inamtafuta na dada yake. Bado namtamani. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, na hajachoka kunisikiliza.

Ninamshukuru. Na wewe dada mwenye mimba uliyeketi huko nyuma, mtumaini Bwana, wala usione haya. Ukiona dalili, hata mchungaji akiwa katikati ya mahubiri, inuka utoke. Bwana hatakuhesabia kosa, na sisi tutakusindikiza.