Niliandika "Amesaidiwa"

Ejok, ndugu zangu. Asanteni kwa kunipa nafasi. Leo ni Jumamosi yangu ya nne katika kikundi hiki, na zile tatu zilizopita nilikaa pale nyuma karibu na mlango nikisikiliza wauguzi na walimu mkieleza mlivyochoka. Mimi sikuchoka tu. Mimi nilikosea, na mtoto wa watu ndiye aliyelipa. Kwa hiyo msinipigie makofi.

Nilizaliwa hapa Lodwar. Nilisomea ustawi wa jamii, nikapata kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, katika shirika ambalo sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wenye shida, kufungua faili, kuwatafutia msaada, na kuwafuatilia mpaka wasimame. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa darasani. Kakuma nilikuta faili zinazozidi watoto wa darasa zima, na bosi ambaye kila mwisho wa mwezi aliuliza swali moja: "Umefunga ngapi?" Hakuna siku aliyouliza nimelala vipi.

Asubuhi moja akaja msichana wa miaka kumi na mitano hivi. Mturkana mwenzangu. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Nakalale, miguu imepasuka. Akaniambia, "Madam, wananioza kwa mzee. Mimi sitaki."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichofikiria ni fomu. Fomu zetu zilikuwa za wakimbizi, na huyu hakuwa mkimbizi. Nikampigia afisa wa watoto wa serikali. Akanijibu, "Dada, gari letu halina mafuta. Mlete wewe." Nikaomba gari la ofisi. Nikaambiwa gari ni la wakimbizi. Yule mama aliyekuwa akifagia ofisi yetu, ambaye hakuwa na cheo chochote, ndiye aliyemlaza nyumbani kwake siku mbili.

Siku ya tatu akaja ami yake na barua yenye muhuri wa chifu, imeandikwa kwamba ndoa haitakuwepo. Niliisoma ile barua na nilijua ni uongo. Nilijua! Mimi nimezaliwa huku, hakuna wa kunidanganya juu ya mambo ya kwetu. Lakini bosi alisimama mlangoni akasema, "Familia imekuja, barua ipo, unangoja nini?"

Msichana akapiga magoti akashika mguu wa meza yangu. Hakulia. Alishika tu. Mimi ndiye niliyeinama nikamfungua vidole, kimoja kimoja, nikimwambia, "Nenda tu, itakuwa sawa."

Kisha nikakaa nikaandika: "Mteja amesaidiwa. Ameunganishwa na familia." Bosi akasema, "Safi sana."

Baada ya hapo kitu ndani yangu kilikufa, ila mwili uliendelea kwenda kazini. Watu walikuja wakieleza mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa, nami nikawa naangalia saa. Siku moja mama mmoja wa Kongo alikuwa akinisimulia jinsi alivyompoteza mumewe njiani, nikacheka. Mpaka leo sijui nilichekea nini. Akanitazama. "Mama, miye niko nalia, na weye uko nacheka?"

Wakaniambia nikapumzike. Mkataba ulipoisha hawakuniita tena.

Nikarudi kwa mama yangu hapa Lodwar. Nilijifungia chumbani. Mtu akipiga hodi nilijifunika blanketi mpaka kichwani, maana kwangu hodi ilikuwa kesi nyingine imefika. Sikuoga, sikusali. Mama aliwaambia majirani nina malaria. Malaria ya miezi saba! Kila siku aliniwekea chakula mlangoni.

Ni yeye aliyenitoa, kwa kunituma hospitali kumchukulia dawa zake za presha. Nikakuta foleni. Kwenye benchi la mwisho alikaa msichana mmoja peke yake, na watu wamemwachia nafasi kubwa kwa sababu ya harufu. Nikapita. Akaita, "Madam."

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa amekonda. Waliomchukua siku ile walimwoza hiyo hiyo wiki. Alishikwa na uchungu wa kuzaa mbali na hospitali, siku tatu. Mtoto alikufa, naye akaumia ndani, mkojo ukawa unamtoka bila kuweza kuuzuia. Yule mzee akamfukuza.

Akaniuliza, "Ile siku uliandika nini juu yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, "Niliandika umesaidiwa."

Nikapiga magoti pale sakafuni, mbele ya watu, nikamwomba msamaha. Akasema, "Simama. Mimi sijakusamehe. Lakini wewe unajua maofisi. Twende."

Ndugu zangu, mimi sikuinuliwa na mahubiri. Niliinuliwa na mtu aliyeninyima msamaha akanipa kazi.

Tukaanza kuzunguka. Sasa nilikuwa upande wa pili wa meza, na niliionja dawa yangu mwenyewe. Njoo kesho. Leta barua. Kijana mmoja nadhifu aliniambia bila kuinua macho, "Huyu si kesi yetu." Nilitaka kumpiga, kisha nikakumbuka mimi ni nani. Muuguzi mmoja ndiye aliyetutafutia nafasi ya upasuaji kule Kitale. Ndani ya basi, tukikaribia Kainuk, kiti kikalowa na abiria wakaanza kunung'unika. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi, nimemwaga maji." Msichana akageukia dirishani.

Upasuaji wa kwanza haukushika. Tulirudi tena, wa pili ukashika. Leo anaishi Lokiriama kwa dada ya mama yake, na mbuzi wachache, na hakuna anayemlazimisha kitu. Msamaha bado hajanipa. Nimeacha kuuomba.

Namshukuru mama yangu na sahani zake za mlangoni. Namshukuru yule mama wa ufagio, aliyefanya kazi yangu wakati mimi nilikuwa najaza fomu. Namshukuru muuguzi yule. Yuko hapa, anaangalia chini, sitamtaja. Bosi wangu simshukuru. Naambiwa amepandishwa cheo.

Na nyinyi mnaofanya kazi hii bado, vijana hasa: uchovu wako ukiuficha, utamwangukia mtu asiye na pa kukimbilia. Useme mapema. Umwambie mtu yeyote, hata mpishi. Mimi sikusema.

Juzi msichana alinipigia simu kutoka Lokiriama. Hata salamu hakutoa. "Hapa iko mwingine, wa miaka kumi na tatu. Kuja."

Naenda Jumatatu. Afisa wa watoto nimemwambia, ameahidi, na mnajua ahadi zilivyo. Lakini safari hii sitaki kwenda peke yangu. Ninyi mko zaidi ya ishirini humu ndani. Nani anakuja nami?