Mumeo Ametoka Msituni

Mwaka 1953, lori lililopeleka kahawa Bukoba lilirudi Karagwe na sisi abiria wachache. Mbele yangu Kokuhirwa, mkulima wa Ndama, alikuwa akimsimulia mwalimu Protase, aliyekutana naye humo humo, habari za hospitali.

“Daktari Mzungu alimpima mume wangu, akasema neno. Mkalimani akaniambia, ‘Mumeo ametoka msituni.’ Mwalimu, mtu hajainuka kitandani wiki nzima! Shemeji zangu wakaangua kilio, wakidhani ndiyo kusema amefariki. Mimi nikamtazama daktari. Alikuwa akitabasamu, anamwagiza muuguzi alete uji. Nikajua hatari imepita.”

“Ulibahatisha tu, mama,” mwalimu alisema. “Waingereza husema ‘ametoka msituni’ mgonjwa akivuka hatari, na Kiingereza husomwa darasani.”

“Na uji je? Maiti hapewi uji.”

Nilimstaajabia mama yule. Wenzake wote walikuwa wanalia, yeye akapata nguvu ya kutazama.

Lori likasimama Ndama. Mwalimu, huku bado anabisha, aliruka chini akamnyoshea mkono mwanamume mwembamba aliyejifunika blanketi kando ya Kokuhirwa. Yule mgonjwa akashukuru, akashuka kwa miguu yake mwenyewe.